Mnada wa Shamba la Makame

Siku ile mjinga alikuwa Ngwali, na hata mwenyewe hakatai. Shamba la marehemu Makame lilinadiwa kwa kodi aliyokufa bila kuilipa, na hakuna mwingine mjini aliyethubutu kutaja bei. Ngwali akataja bei. Nyuma yake sauti yenye kikohozi ikaongeza. Akapandisha, nayo ikapandisha, mpaka fedha zote za ng'ombe aliowauza zikaisha, ndipo sauti ikakoma.

"Limekwenda!" dalali akacheka. "Kaka, sijapata kuona mtu anayejipandishia bei mwenyewe!"

Ngwali akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu.

"Sasa nimeshindana na nani?" akafoka. "Nirudishieni fedha zangu!"

Mjane wa Makame alikuwa akijitwisha mkeka wake, tayari kuhama.

"Na mwenye shamba, mwanangu; kikohozi cha mume wangu nakijua. Leo ukilala huko, mdai yeye."