Mkono wa Ishirini na Tisa

Mwenyekiti wa chama chetu cha marubani aliomba wanaotaka ajiuzulu wanyooshe mikono. Mwenyekiti huyo ni baba yangu mzazi; mimi ni bintiye.

Tulikuwa tumebishana asubuhi nzima. Wengine walisema chama kimekufa, wengine kwamba bila chama tutafukuzwa kama kuku. Lakini baba alikuwa amekubali, bila kutuuliza, kampuni itupunguzie saa za kupumzika, na juzi kapteni wangu alisinzia angani, mimi msaidizi wake nikiwa kando.

Nikanyoosha mkono. Baba alikuwa akihesabu kwa ncha ya kalamu. Ilipofika kwangu ikasimama.

"Endelea, Mwenyekiti," mtu akamwambia kwa upole.

"Ishirini na tisa," akasema, macho yakiwa kwangu. "Shusha mkono, mama. Nimeshakuona."