Kosa Lisilopenda Kutazamwa

Mashine ilianguka tena wakati Kufuli yumo jikoni anampiga mkewe.

Alisikia king'ora cha kompyuta kutoka chumba cha pili, akauachia mkono wa mwanamke aliokuwa ameukunja nyuma ya mgongo, akakimbia juu ya vipande vya sahani. Skrini nyeusi, mashine imezima. Amechelewa tena. Akarudi jikoni akampiga teke la mbavu, kwani, alisema, yeye ndiye aliyemtoa kitini.

Kufuli walimwita wenzake wa ofisini, maana hakukuwa na kosa la kompyuta alilolitibu bila kutia kufuli mahali. Kazi yake ilikuwa ndani kabisa ya mfumo, pale data za mtandao zinapoingilia. Safari hii, data mbili zikifika kwa pamoja, kila moja iliona nafasi ileile iko wazi, zote mbili zikaikalia, na mashine nzima ikaanguka. Dawa alikuwa nayo, mistari sita tu ya programu: mmoja aingie, mwenzake asubiri mlangoni. Lakini mkuu wake wa kazi, mama asiyependa maneno mengi, alimkatalia kwa simu. Kosa lisiloonekana si kosa, alimwambia. Alete rekodi ya kile kinachoiangusha mashine kabla ya Ijumaa adhuhuri, la sivyo kazi apewe mwingine.

Kufuli alizunguka nyumba nzima akilirudia neno hilo kwa hasira, na mkewe akalisikia. Si neno geni kwake. Kaka zake walikuja siku moja kuamua ugomvi. Kufuli akawapokea kwa mikono miwili, akawamiminia juisi, akamwita mkewe mpenzi. Wakaondoka wakisema hawakuona lolote, shemeji yao ni mpole kama kondoo. Lango lilipofungwa, huyo kondoo akavua mkanda.

Ili data zifike mbili kwa pamoja, Kufuli alichukua kamera mbili za ulinzi, zile za bei poa zinazonasa picha na sauti. Moja aliifunga langoni ielekee barabarani. Ya pili alimrushia mkewe.

"Iweke penye pilikapilika. Kitu kikitulia, kamera haitumi cha maana."

"Popote?"

"Popote. Mimi sitazami picha, mimi nahesabu data."

Siku zote hizo alikaa mbele ya skrini akisubiri. Akiikodolea macho, mashine inatulia tuli. Akiinuka kwenda kumtia mkewe adabu, inaanguka. Jumatano chai ilipoa. Akamzaba kofi lililomlaza sakafuni, na mashine ikaanguka. Alhamisi ilikuwa mkanda, mpaka damu ikachuruzika kwenye vigae, na mashine ikaanguka.

"Hata mashine inaniogopa," alijitapa. Mtu akishazoea kuogopwa haulizi sababu.

Ila Ijumaa hii alikuwa amejipanga. Pembeni aliweka kompyuta ndogo ya kurekodi kila kilichopita kwenye waya, awepo asiwepo. Alipokwisha kumpiga lile teke ndipo akaikumbuka. Akaenda kuangalia hesabu zake: data zimefurika ghafla, kisha kimya. Kosa limenaswa.

"Za mwizi arobaini," alisema, akaituma rekodi yote ofisini bila kuifungua, pamoja na mistari yake sita.

Mkewe alikuwa bado sakafuni jikoni, ameshika mbavu, kifundo cha mkono kimevimba. Alimwuliza kitu kimoja tu, kwamba hiyo rekodi wataiona watu wangapi. Idara nzima, Kufuli alimjibu kwa majivuno, na akamwambia aokote hivyo vigae vya sahani kabla hajamwokotesha kwa meno.

Simu ililia saa sita kasoro. Kufuli alikuja kuipokelea jikoni, akaifungulia sauti ili mwanamke asikie mumewe anavyosifiwa.

"Tumeirudia rekodi yako mara tatu," mkuu alisema. "Mashine imeanguka mara zote tatu. Tumetia mistari yako, haianguki tena. Kosa umelipata."

Kufuli akatabasamu, akamkonyeza mkewe. Mkewe hakuwa akimtazama. Alikuwa amejiegemeza ukutani, akiitazama ile kamera ya pili juu ya kabati la vyombo.

"Sasa mpe mkeo simu," mkuu alisema. "Na usimguse."

Kufuli akauliza mkewe anahusikaje na mambo ya ofisi. Mkuu akaifungulia tena rekodi. Nyuma yake, mle ndani ya simu, sahani zilikuwa zikivunjika, mwanamke akilia, na mwanamume akimtukana kwa sauti ya Kufuli.