Bamia za Kumkimbia Shangazi

Haya nimeyapata kwa mama mkwe wa Dzifa, juzi tukimenya muhogo.

Dzifa alikuwa akiandaa ukurasa wa mapishi kwenye tovuti yake. Kichwa chake, "Bamia za Kumkimbia Shangazi," kikawekewa alama nyekundu na programu ya tovuti: hakuna anayetafuta maneno haya mtandaoni, andika "supu ya bamia."

"Itii mashine, mama," mumewe akamcheka. "Nani atatafuta kichekesho hicho?"

"Dada yangu."

Dada aliondoka kwa hasira, akabadilisha namba, mwaka wa sita huu. Jina hilo walilitunga wawili utotoni, wakipika bamia kwa kumficha shangazi yao.

Kidole cha Dzifa, chenye utelezi wa bamia, kikasita juu ya kitufe. Akachapisha jina lilelile, na alama yake nyekundu.

Akasinzia kitini akimngoja dada, simu ikiwaka mapajani.