Kitovu Ghorofani

Ghorofa ya saba haina ardhi, kwa hiyo Mwanaidi alikizika kitovu cha bintiye Zawena kwenye ndoo ya udongo, akapanda mlimau juu yake. Zawena sasa ana miaka minne, na kila asubuhi humwagilia mti huo akiuita "kwetu", kama alivyofundishwa.

Leo msimamizi wa jengo aliingia amevaa glavu.

"Mama, udongo ghorofani marufuku. Unachafua ukuta."

"Kaka, kitovu cha mwanangu kimo humo!"

Akaangua kicheko. "Kumbe kwenu ni ndooni!"

Akaibwaga ndoo kutoka kibarazani hadi ndani ya lori la taka lililosubiri chini. Lori likaondoka, tawi moja likipunga juu ya maganda ya ndizi.

Zawena, kidole kitovuni, akauliza:

"Mama, kwetu kunakwenda wapi?"