Duara Moja

"Moja tu," alisema Kapteni Abdirahim, akimpa Mohdhar kalamu nyekundu. "Chora walipo raia. Ndani ya duara hakianguki kitu. Nje yake siahidi."

Ramani ya kisiwa cha Chula ilikuwa mezani, pembe zake zimebanwa kwa vikombe vya chai. Wenye bunduki walikuwa wameshuka kisiwani wiki ile, na wakaazi wakakimbilia Kismayu. Waliofika walisema jambo moja: Mwanaharusi kakataa katakata, hawaachi watu wake.

Mwanaharusi huyo alikuwa mdogo wa bibi yake Mohdhar. Shirika la misaada lilimlipa Mohdhar kwa kazi hiyo hasa, kukaa na wanajeshi na kuwaonyesha pasipopigwa. Alikuwa ameifanya mara nyingi, lakini si kwa damu yake mwenyewe. Safari hii aliogopa.

Tena Chula hakuijua. Alizaliwa Mombasa, kwa wazazi waliokimbia vita. Wajomba zake Shihab na Fuadi, wana wa Mwanaharusi, aliwajua kwa picha moja iliyofifia, na mamake alipofariki hata habari zao zikakatika.

Akapiga nambari ya Mwanaharusi aliyopewa na waliokimbia, akajitambulisha.

"Bibi, uko wapi?"

"Niko ndani, mwanangu. Niko edani. Babu yako katuaga mwezi ulopita."

"Mungu amrehemu. Lakini eda haimkatazi mtu kuokoa roho yake, Bibi. Wajomba je?"

"Washatangulia. Hapa nyumbani hapana mchu ila mimi."

Mohdhar akashusha pumzi. Angalau wajomba walikuwa na akili.

"Wametangulia wapi?"

"Nyuma ya mskiti wa kale. Wachu wangu wote wapo pale."

"Jeshi litapiga asubuhi, Bibi. Nimepewa mahali pamoja tu pa kulinda. Niwalinde hapo?"

"Ukiweka pale, hawataguswa?"

"Hata kwa kokoto."

"Basi weka pale, mwanangu. Wasisumbuliwe."

"Nawe uwafuate. Niahidi."

"Nitawafuata," alisema Bibi kwa sauti iliyotulia kabisa. "Inshaallah nitawafuata."

Mohdhar akachora. Kapteni akazisoma nambari za mahali pale kwenye redio, akazirudia, akamgonga begani. Siku ile Mohdhar alikula akashiba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wiki ianze.

Asubuhi mizinga ililia baharini, ikanyamaza. Wenye bunduki walipokwisha kuondoka, Mohdhar alivuka na boti ya jeshi. Alikuwa amepakia mchele, tende na mablanketi, vya kutosha familia nzima. Njiani alimpigia Bibi, simu ikaita bila kupokewa. Ameisahau nyumbani kwa haraka, akajiambia. Watu wazima ndivyo walivyo.

Kijiji kilikuwa kimelala chini. Kuta zilizokuwa za nyumba zilikuwa chungu za mawe, na vumbi lilikuwa bado halijatulia. Lakini mskiti wa kale ulisimama, na Mohdhar akatimua mbio kuuzunguka, akiita majina ya wajomba kwa furaha ya mtu anayekwenda kuwaona nduguze kwa mara ya kwanza.

Kapteni alikuwa ametimiza neno lake. Nyuma ya mskiti halikuvunjika hata tawi la mkadi.

Makaburi yalikuwa yamepangana kwa safu, kongwe kwa mapya. Moja lilikuwa na udongo ambao haujakauka vizuri. Pembeni yake yalikuwapo mawili yaliyoota kuvu, na mawe yake yamechongwa majina: Shihab. Fuadi.

Mohdhar alisimama katikati ya duara lake. Akaitoa simu, akapiga tena.

Safari hii aliisikia ikiita, kwa mbali, upande wa pili wa mskiti, chini ya mawe yaliyokuwa nyumba.