Bi Mgeni Alikoroma

Filamu ilipokwisha, runinga ilituuliza maoni kama sheria inavyotaka. Watu wa nyumba moja wakitofautiana, kesho yake mshauri wa familia anabisha hodi. Mimi na mume wangu Shekue tulishapatana jikoni, kwa hiyo tukajibu kwamba imetugusa. Wasiwasi wetu ulikuwa mama mkwe, aliyekoroma tangu mwanzo.

“Na wewe, Bi Mgeni, umeionaje?” runinga ikamuuliza.

Akajifuta mdomo kwa kanga. “Imenigusa. Ila yule mwanamume mwongo!”

Taa ya kijani ikawaka, runinga ikajizima. Tukashusha pumzi.

“Mama, umejuaje?”

“Filamu gani haina mwanamume mwongo?”

Tukacheka mpaka machozi. Nikamimina chai, nikamuuliza Shekue, “Lakini wewe, kweli uliipenda?”

Akaitazama kwanza runinga iliyojizima, ndipo akajibu.