Kilima cha Bi Sikudhani

Hebu niambie, wewe ungenyamaza, kilima ulichokijenga kwa magazeti na gundi ya unga kikichanwa kwa kisu mbele ya macho yako? Bi Sikudhani aliwaonya wenzake wa chama cha treni ndogo za kuchezea wasubiri kikauke. Wapi! Waliipitisha treni, ikanata kwenye gundi mbichi ndani ya handaki la kilima hicho.

"Utafinyanga kingine, dada," alisema Lugendo, mwenyekiti, akikichana kilima ili aichomoe. "Vilima na miti ndiyo kazi yako. Kuendesha tuachie sisi."

Wanaume wakacheka. Lugendo akawasha swichi tena.

Bi Sikudhani akabandika kiganja juu ya reli. Treni ikaja, ikamgonga vidole, magurudumu yakazunguka bure.

"Toa mkono, dada!"

"Sitoi! Leo nataka kuiendesha mimi."